Muganga wa akili kwa simu: nani analipa? Historia ya Marekani na somo kwa familia zetu

Familia nyingi za Kivu, Ituri na Tanganyika zina mtu wao Marekani. Wengine walipita kambi ya Nyarugusu kule Tanzania, wengine Nakivale ama Kyangwali kule Uganda, wakangoja miaka na miaka, mwisho ndege ikawabeba. Katika mwaka wa bajeti wa 2023 peke yake, Wakongomani zaidi ya 18.000 walipokelewa Marekani kama wakimbizi. Mwaka ule hakuna nchi nyingine iliyotoa wakimbizi wengi kuipita Kongo.

Mtu alipofika kule alipewa nyumba, makaratasi, na kadi ya matunzo. Kadi haikumuuliza alibeba nini kichwani. Lakini wengi walibeba: usingizi umekataa, moyo unaruka mlango ukigongwa, maiti za zamani zinarudi usiku. Siku hizi muganga wa akili anaweza kumsikiliza mtu wa namna hiyo kwa simu, mgonjwa akiwa amekaa kwenye kiti cha nyumbani kwake. Kisha siku moja barua inafika: bima haikulipa. Ama inasema italipa mpaka tarehe fulani tu. Ndugu waliobaki huku, kwenye mji ama kwenye kambi ya wahami, wanaposikia habari hiyo wanashangaa. Simu ni ile ile, muganga ni yule yule. Kilichobadilika ni nini?

Kilichobadilika ni sheria ya malipo. Historia ya kazi hii kule Marekani inaonyesha jambo moja wazi: chombo cha kumsikiliza mgonjwa wa mbali kilikuwapo zaidi ya miaka sitini iliyopita. Kilichokawia ni jibu la maswali mawili: nani atalipa, na mgonjwa lazima awe amekaa wapi ndipo alipiwe.

Televisheni ya Nebraska

Hadithi inaanza Omaha, katika jimbo la Nebraska, sehemu ya mashamba makubwa ya mahindi na ng'ombe, ambako mji na mji vinaachana mbali. Mwaka 1959 chuo cha magonjwa ya akili cha huko, chini ya muganga Cecil Wittson, kilianza kutumia televisheni ya pande mbili. Waliokuwa chumba hiki waliwaona na kuwasikia waliokuwa chumba kile, nao wakaonwa na kusikiwa. Kwa njia hiyo wanafunzi walifundishwa, na vikundi vya wagonjwa vikaanza kuzungumza na muganga asiyekuwa chumba kimoja nao.

Mwaka 1964 waya ulifika mbali zaidi. Omaha iliunganishwa na hospitali ya serikali ya Norfolk, umbali wa karibu kilometa 180. Ni karibu na umbali wa barabara kati ya Goma na Bukavu mtu akizunguka ziwa. Waganga wa Norfolk walikuwa wachache, wale wa Omaha walikuwa na ujuzi, televisheni ikawakutanisha. Pesa zilitoka kwenye taasisi ya taifa ya afya ya akili, kama msaada wa utafiti.

Miaka michache baadaye Boston nayo iliingia. Mwaka 1973 muganga Thomas Dwyer wa hospitali ya Massachusetts General aliandika kuhusu kuwatibu watu kwa televisheni, akaiita kazi hiyo telepsikiatri. Jina lilipatikana, chombo kilikuwapo, na wagonjwa walionekana kuzoea.

Lakini kazi hizo zilikuwa miradi. Kila moja ilikula pesa ya msaada, na msaada ulipoisha nyingi zilizimika. Watu wa Kongo ya mashariki hawahitaji maelezo marefu juu ya hilo. Neno "mradi umeisha" linajulikana kila kambi. Nebraska ya zamani ilikuwa na televisheni bila kuwa na mtu wa kulipa fakitire mwezi kwa mwezi, mwaka kwa mwaka.

Kadi mbili za mwaka 1965

Wakati ule ule Marekani ilikuwa inajenga bima zake mbili kubwa za serikali. Tarehe 30 mwezi wa saba 1965, Rais Lyndon B. Johnson alitia sahihi sheria ya Medicare na Medicaid katika mji wa Independence, jimbo la Missouri. Rais wa zamani Harry Truman alikuwa amekaa kando yake. Medicare ni ya wazee wa miaka 65 na zaidi, na baadaye iliongezewa watu wenye ulemavu. Medicaid ni ya watu wa kipato kidogo. Serikali kuu na majimbo wanaichangia pamoja, na kila jimbo lina kanuni zake. Wakimbizi wengi wa Kongo walipofika waliingia kwenye hiyo ya pili.

Tangu mwanzo, ugonjwa wa akili haukupewa kiti sawa na ugonjwa wa mwili. Mzee akienda kwa muganga juu ya kifua ama mguu, Medicare ilibeba asilimia 80 ya bei iliyokubaliwa, yeye akatoa 20. Akienda kwa muganga wa akili bila kulazwa, bima ilibeba nusu tu, tena isizidi dola 250 kwa mwaka mzima. Kikomo hicho cha pesa kilipandishwa mwaka 1987, kikaondolewa kwa sheria ya 1989. Ile nusu ilibaki. Sheria ya mwaka 2008 ndiyo iliyoanza kuipunguza kidogo kidogo, hadi 2014 mgonjwa wa akili akafikia kutoa asilimia 20 kama wagonjwa wengine. Hesabu inaonyesha miaka 48 tangu Medicare ianze kulipa mwaka 1966.

Kwa bima za makampuni, mwezi wa kumi 2008 ilipita sheria inayobeba majina ya wabunge wawili wa seneti, Paul Wellstone na Pete Domenici. Ilisema kwamba bima ya waajiri wakubwa ikikubali kulipia akili, isiweke masharti makali kuliko yale ya mwili. Lilikuwa jambo kubwa. Lakini halikujibu swali la umbali.

Mgonjwa akae wapi?

Swali la umbali lilijibiwa kwa mara ya kwanza na serikali kuu katika sheria ya bajeti ya mwaka 1997. Kuanzia tarehe 1 mwezi wa kwanza 1999, Medicare ilianza kulipia mashauri ya muganga wa mbali. Masharti yalikuwa mengi kuliko ruhusa. Mgonjwa alipaswa kuwa kijijini, mahali palipotambuliwa kuwa na uhaba wa waganga. Alipaswa kuwa na mhudumu wa afya pembeni yake. Malipo yaligawanywa: asilimia 75 kwa muganga aliyetoa shauri, 25 kwa yule aliyemtuma mgonjwa. Gharama ya laini ya simu haikulipwa, wala gharama ya chumba. Na simu ya kawaida haikuhesabiwa kuwa matunzo ya mbali.

Kituo cha afya cha kijijini kilichosoma masharti hayo kiliona hasara. Kinanunua mashine, kinalipia laini, kinamtoa mhudumu kazini ili akae na mgonjwa, kisha kinagawana malipo madogo na mwenzake wa mjini.

Wabunge walirekebisha mwaka 2000, na sheria mpya ikaanza kazi tarehe 1 mwezi wa kumi 2001. Kugawana malipo kulifutwa. Kituo alichokaa mgonjwa kilianza kupewa dola 20 kwa kila kikao. Na kwa mara ya kwanza, mazungumzo ya tiba kati ya mgonjwa na muganga wa akili yaliingia katika orodha ya vinavyolipwa, pamoja na kufuatilia dawa zake. Mwaka 2009 vituo vya jamii vya afya ya akili vikaongezwa kwenye orodha ya mahali panapokubaliwa.

Sharti moja lilibaki kama ukuta: mgonjwa awe kituoni, na kituo kiwe kijijini. Mtu wa mjini hakuhesabiwa, hata kama hakuna muganga wa akili anayempokea. Mtu wa nyumbani hakuhesabiwa kabisa. Mwanamke anayeogopa kutoka nje, mzee asiye na gari, mama mwenye watoto wanne na mtu wa kuwaangalia hana, wote walitakiwa kusafiri hadi kituoni ili wakaongee na muganga ambaye mwenyewe hayupo pale.

Majimbo mengine yalitangulia serikali kuu. California ilipitisha sheria yake mwaka 1996, ikizikataza bima kudai kwamba muganga na mgonjwa lazima waonane ana kwa ana pale ambapo kazi inaweza kufanyika kwa mbali. Majimbo mengine yakafuata, kila moja kwa mwendo wake. Hapo ndipo ilipotoka hali ya leo: ndugu wawili waliotoka kambi moja, mmoja akapelekwa Texas na mwingine Minnesota, kila mmoja anapata jibu lake kutoka bima inayoitwa kwa jina lile lile.

Hospitali za wanajeshi wa zamani

Kuna sehemu moja ya Marekani ambako mambo yalikwenda haraka: hospitali za wanajeshi wastaafu. Hizo ni mali ya serikali, na waganga wake wanalipwa mshahara. Anayelipa na anayetibu ni mmoja. Hakuna fakitire inayotumwa mahali pengine ikangoje kukubaliwa ama kukataliwa.

Mwaka 2012 idara hiyo iliacha kumtoza mwanajeshi mstaafu mchango wake anapotibiwa kwa video akiwa nyumbani. Mwaka 2018 ikawaruhusu waganga wake kutibu kwa mbali mgonjwa aliye jimbo lolote, bila kujali mpaka wa leseni kati ya jimbo na jimbo. Wengi wa wagonjwa hao walirudi vitani na vidonda vya akili vinavyofanana na vile wanavyovijua watu wa Masisi, Djugu ama Fizi: ndoto za usiku, hasira isiyojulikana inakotoka, kuogopa kelele. Kwao video ya nyumbani ilikuwa jambo la kawaida wakati mzee wa mjini mwenye Medicare alikuwa bado amekatazwa.

Mfano huo unastahili kukumbukwa. Vyombo vilikuwa vile vile katika nchi moja, katika miaka ile ile. Tofauti ilikuwa mlipaji.

Mwezi wa tatu 2020

Kabla ya Korona, ukuta wa Medicare ulipasuka kidogo tu. Sheria ya mwaka 2018 juu ya watu wanaoteswa na dawa za kulevya iliruhusu kwamba, kuanzia tarehe 1 mwezi wa saba 2019, watu hao watibiwe kwa mbali wakiwa nyumbani kwao, pamoja na ugonjwa wa akili unaoandamana na ulevi huo.

Kisha Korona ikaja. Waganga walifunga milango, na watu waliambiwa wasitoke. Tarehe 17 mwezi wa tatu 2020 serikali ilitangaza kwamba Medicare italipia matunzo ya mbali popote mgonjwa alipo, mjini ama kijijini, hata nyumbani, ikihesabu kuanzia tarehe 6 ya mwezi huo. Siku ile ile ofisi inayosimamia siri za wagonjwa ilisema haitawaadhibu waganga watakaotumia njia za kawaida za video kama Skype na FaceTime. Jambo lililokataliwa kwa zaidi ya miaka ishirini liliruhusiwa ndani ya wiki chache.

Hesabu za wizara ya afya ya Marekani zinaonyesha ukubwa wa badiliko. Mwaka 2019 wenye Medicare walionana na waganga kwa mbali mara 840.000 hivi. Mwaka 2020 ilikuwa karibu mara milioni 52,7. Na katika mashauri yote na waganga wa akili mwaka ule, theluthi moja yalifanyika kwa mbali. Kwa waganga wa magonjwa mengine idadi ilikuwa ndogo zaidi sana. Sababu inaeleweka: jeraha la mguu lazima liguswe, lakini jeraha la moyo kwanza linasikilizwa.

Sauti tupu

Bado lilibaki swali la picha. Sheria ilizungumza juu ya video. Wazee wengi, watu wa vijijini wasio na intaneti nzuri, na maskini wenye simu ndogo ya vibonyezo hawakuwa na video. Tarehe 30 mwezi wa nne 2020 serikali ilipanua orodha ya matunzo yanayolipwa kwa sauti peke yake, yakiwemo mazungumzo ya tiba ya akili. Ikapandisha pia malipo ya mashauri ya kawaida ya simu, yakalingana na ya kuonana.

Mwisho wa mwaka huo, tarehe 27 mwezi wa kumi na mbili 2020, sheria mpya ilifanya jambo moja kuwa la kudumu: kwa afya ya akili, nyumba ya mgonjwa ni mahali panapokubaliwa, na si lazima awe kijijini. Lakini wabunge waliongeza sharti. Mgonjwa awe ameonana na muganga huyo uso kwa uso katika miezi sita kabla ya kikao cha kwanza cha mbali. Mwezi wa kumi na moja 2021 ofisi ya Medicare ikaandika kanuni za kutekeleza sheria hiyo kuanzia 2022. Hapo simu ya sauti tupu ilikubaliwa kwa tiba ya akili ya nyumbani, ikiwa mgonjwa hawezi kutumia video ama haitaki.

Neno hilo la "haitaki" ni dogo lakini lina uzito. Kuna mtu asiyetaka muganga aone chumba chake. Kuna aliyebakwa ambaye anaweza kusema yaliyompata ikiwa hakuna anayemtazama. Watu wa redio wanajua jambo hili tangu zamani: sauti bila sura mara nyingi inabeba ukweli ambao sura ingeuficha.

Namba kwenye fakitire

Tuangalie sasa jinsi malipo yanavyopita, maana hapo ndipo barua za kukataa zinapozaliwa.

Muganga akimaliza kikao, haandiki "nilimsikiliza mama mmoja." Anaandika namba. Tangu mwaka 2013 mazungumzo ya tiba yana namba tatu kubwa kufuatana na dakika. Namba 90832 ni ya dakika 16 hadi 37. Namba 90834 ni ya dakika 38 hadi 52. Namba 90837 ni ya dakika 53 na kuendelea. Chini ya dakika 16, mazungumzo hayo hayadaiwi kwa namba hizo.

Kisha anaongeza namba ya mahali. Tangu 2022, namba 10 inasema mgonjwa alikuwa nyumbani kwake, na namba 02 inasema alikuwa mahali pengine. Halafu anaongeza alama ya njia iliyotumika: 95 kwa video, 93 kwa sauti peke yake. Si kila bima inadai alama zile zile. Moja inataka hii, nyingine inataka ile, na Medicaid ya jimbo moja si ya jimbo jirani. Katika Medicare, tangu 2024, muganga akiandika 02 badala ya 10 anaweza kulipwa kidogo zaidi kwa kazi ile ile. Alama ikikosekana, fakitire inaweza kurudi bila hata senti moja.

Kwa hiyo mtu akipata barua ya kukataliwa, si lazima iwe kwamba ugonjwa wake umekataliwa. Mara nyingine ni tarakimu mbili zilizoandikwa vibaya. Ndiyo maana ni vizuri asiitupe barua, wala asiache matunzo kwa haya.

Ruhusa yenye tarehe ya mwisho

Hali ya dharura ya Korona iliisha rasmi Marekani tarehe 11 mwezi wa tano 2023. Ruhusa nyingi zilizozaliwa nayo hazikufutwa, wala hazikufanywa za kudumu. Zilisogezwa. Kwanza hadi mwisho wa 2024. Kisha hadi tarehe 31 mwezi wa tatu 2025. Kisha hadi tarehe 30 mwezi wa tisa 2025. Lile sharti la kuonana uso kwa uso katika miezi sita liliahirishwa kila mara pamoja nazo.

Tarehe 1 mwezi wa kumi 2025 wabunge walishindwa kukubaliana juu ya bajeti, na serikali ikafunga kazi nyingi kwa siku 43. Ruhusa za muda zikakatika. Kwa afya ya akili, haki ya kutibiwa nyumbani ilibaki kwa sababu ni ya kudumu, lakini sharti la kuonana kwanza likaamka. Waganga wengine hawakujua kama kazi wanayofanya leo italipwa kesho. Sheria ya tarehe 12 mwezi wa kumi na moja 2025 ilirudisha ruhusa hizo, ikazihesabu tangu zilipokatika, na kuzipa muda hadi tarehe 30 mwezi wa kwanza 2026.

Mtu anayetibiwa akili anahitaji kujua kwamba wiki ijayo muganga atakuwapo. Matunzo yenyewe yamejengwa juu ya hilo. Sheria inayosogezwa miezi minne, miezi sita, inamnyima muganga uhakika wa kuahidi.

Lugha na kadi

Kwa Wakongomani kuna mizigo miwili ya ziada. Wa kwanza ni lugha. Sheria ya haki za raia ya mwaka 1964 inakataza taasisi zinazopokea pesa za serikali kuu kumbagua mtu kwa sababu ya asili ya taifa lake. Kutokana nayo, na kutokana na sheria ya afya ya mwaka 2010, muganga anayepokea pesa hizo anapaswa kumpa mgonjwa mkalimani bila kumtoza. Kanuni ya mwaka 2016 ilikataza kumtegemea mtoto kuwa mkalimani isipokuwa wakati wa dharura. Kanuni hiyo ina maana kubwa kwa mama anayetaka kueleza mambo ambayo mtoto wake hapaswi kuyasikia.

Lakini nani anamlipa mkalimani? Medicare haimlipi kando. Medicaid inaruhusu majimbo kumlipa, na kuna namba yake, T1013, lakini ni majimbo kadhaa tu yanayomlipa, kama Minnesota na Washington. Kwingine kote gharama inabaki kwa kituo. Kikao cha Kiswahili ama Kinyabwisha kupitia mkalimani kinachukua dakika nyingi, kwa sababu kila neno linasemwa mara mbili. Malipo ya muganga hayaongezeki mara mbili. Hiyo ndiyo sababu mojawapo inayofanya vituo vingine viseme havina nafasi.

Mzigo wa pili ni kadi yenyewe. Mkimbizi ambaye hastahili Medicaid alikuwa anapewa msaada wa matunzo wa muda. Kwa miaka mingi ulikuwa miezi 8. Ulipandishwa hadi 12 kwa waliofika kuanzia mwezi wa kumi 2021. Kwa wanaouanza tangu tarehe 5 mwezi wa tano 2025, umeshushwa hadi miezi 4. Na sheria kubwa iliyotiwa sahihi tarehe 4 mwezi wa saba 2025 inasema kwamba kuanzia tarehe 1 mwezi wa kumi 2026, mkimbizi ambaye bado hana kadi ya ukaaji wa kudumu hatahesabiwa tena katika Medicaid inayolipwa na serikali kuu. Mkimbizi anaruhusiwa kuomba kadi hiyo baada ya mwaka mmoja. Kwa hiyo anayeweza kuomba asingoje.

Na kwa familia inayofuatilia ndugu yake kule, kuna maswali manne ya kumkumbusha aulize kituo chake. Bima yangu inalipa sauti tupu, ama inataka video? Je, natakiwa kuonana na muganga uso kwa uso, na lini? Mkalimani wangu ni nani, na mnajua kwamba si mimi ninayemlipa? Na barua hii ya kukataa inanipa siku ngapi za kupinga? Medicaid inatoa haki ya kuomba kusikilizwa upya, lakini siku zake zinahesabiwa, na barua ikikaa chini ya godoro siku zinapita.

Na huku kwetu

Kongo haina Medicare. Katika Goma kuna kituo cha Tulizo Letu, katika Bukavu kuna Sosame. Vyote viwili vinaendeshwa na Mabruda wa Upendo, na wamebeba wagonjwa wa akili wa Kivu kwa miaka mingi. Nje ya hapo, mtu anasikilizwa na wasaidizi wa kisaikolojia wa mashirika, wakati mwingine kwa simu pale barabara inapofungwa. Anayelipa ni familia yenyewe, ama mradi. Mwezi wa tisa 2023 serikali ilizindua bima ya afya kwa wote, ikaanza na kuzaa bila malipo. Mutuele nazo zipo mahali mahali. Akili bado inangoja zamu yake.

Marekani ina pesa na waya, na bado ilichukua zaidi ya miaka sitini kutoka televisheni ya Omaha hadi bima ilipokubali kwamba mtu anaweza kutibiwa akiwa kwake, kwa sauti yake tu. Haikuchelewa kwa kukosa simu. Ilichelewa kwa sababu kanuni za malipo ziliandikwa kwanza, na mtu wa mbali akakumbukwa baadaye. Kongo bado inaandika zake. Watu waliokimbia Sake, Rutshuru ama Djugu wana simu ndogo, wanaongea lugha zao, na hawana nyumba ya kudumu ya kuandika kwenye fakitire. Wanaojenga bima yetu wakiwakumbuka hao sasa, hawatalazimika kurekebisha sheria miaka sitini. Wakiwasahau, shauri la simu litabaki kuwa mradi, na siku mradi ukiisha simu italia bila mtu wa kuipokea.